Simu Kuukuu Bado Ina Jina Lako

Hotuba kwa wakazi wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya



Simu ikiharibika huuzwa kwa bei ya chumvi au hupewa watoto kuchezea. Lakini kioo chaweza kufa na kumbukumbu ikabaki hai, pamoja na picha zenu, namba za jamaa na ujumbe wa fedha. Tena kila simu ina namba ya IMEI, ambayo haibadiliki kwa kubadilisha laini. Simu hiyo ikitumiwa katika utapeli, uchunguzi huweza kumfikia kwanza aliyeiuza.

Kwa hiyo, ondoeni laini na kadi ya kumbukumbu, futeni yaliyomo, bonyezeni *#06# na kuiandika namba hiyo, kisha mwandikiane hati na mnunuzi. Anayekataa kuandika jina lake, msimuuzie.

Katika kituo chenye leseni, mafundi hutoa betri kwanza, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto. Kisha hutenga plastiki, nyaya na bodi ya saketi. Bodi hupelekwa kwenye viwanda vya kuyeyusha madini, kama kile cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji. Tani moja ya simu zisizo na betri huweza kutoa gramu 300 hivi za dhahabu. Anayechoma nyaya nyuma ya nyumba haipati dhahabu hiyo. Huambulia shaba kidogo na moshi wa sumu unaovutwa na watoto wake.

Hata hivyo, gunia la simu mbovu halivuki mpaka kama gunia la mahindi. Uganda na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Basel. Tangu 1 Januari 2025, chini ya mkataba huo, taka zote za elektroniki zahitaji idhini ya maandishi ya nchi husika kabla ya kuvuka. Vijana wetu, anayewalipa kupitisha gunia katika njia za panya hatakuwapo mtakapokamatwa.

Twaomba kila soko litenge sanduku moja, mahali pakavu pasipo jua, likae chini ya ufunguo wa mwenyekiti hadi mkusanyaji mwenye leseni atakapofika. Betri zilizovimba ziwekwe kando. Mwenye shaka juu ya mnunuzi yeyote atufikie kituoni, tutamsikiliza.