Uwanja Mdogo Unatosha

Leo tumekuja kuzungumza juu ya futsali, yaani soka ya ndani. Ni wachezaji 5 kwa 5, mpira mdogo usiodunda sana, na uwanja wa mita 40 kwa 20, sawa na ule wa mpira wa mikono.

Barani Afrika mchezo huu uko chini ya CAF, shirikisho lile lile la soka tunayoijua, lililoanzishwa mwaka 1957. Kombe la futsali la wanaume lilianza 1996. Misri ilichukua mara 3 za kwanza, Libya 2008, kisha Moroko 2016, 2020 na 2024.

Na wasichana je? Hao walingoja miaka 29! Kombe lao la kwanza lilichezwa Rabat mwaka 2025. Wenyeji Moroko walishinda, lakini kwa 3-2 tu, na waliowatoa jasho hivyo ni majirani zetu wa Tanzania. Timu hizo mbili zikaenda Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, huko Ufilipino, mwaka huo huo.

Sasa, vikundi vingine hutuambia, "Hatuna shamba la uwanja." Jamani, robo eka haifiki! Shida tunayoiona sisi ni nyingine: jioni vijana wa kiume wako uwanjani, dada zao wako mtoni na mitungi. Basi kabla ya kununua saruji, andikeni ratiba. Mje nayo mkutano ujao, siku za wasichana zikiwa zimetajwa, na nani atateka maji siku hizo.