Picha Zilizopoteza Majina: Uokoaji na Utunzaji wa Kumbukumbu za Utafiti wa Lugha Mkoani Mara

Tangu kamera za kidijitali zilipoenea katika miaka ya 2000, mtafiti wa lugha aendaye Nyarero, wilayani Tarime, hurudi na madaftari machache na picha nyingi mno. Madaftari huwekwa kabatini. Picha huhamishiwa kwenye diski ya nje, ambayo aghalabu haina nakala ya pili. Mhadhara huu unahusu kinachotokea pale diski hiyo inapoharibika, na hoja yake ni kwamba hasara kubwa kwa taaluma ya lugha si kupotea kwa picha zenyewe. Picha nyingi huokolewa. Kinachopotea ni majina.

Diski huhifadhi picha mahali pamoja na orodha ya majina yake mahali pengine. Mtu afutapo folda, au diski ichomolewapo kabla kompyuta haijamaliza kuandika, mara nyingi kinachovurugika ni orodha. Picha hubaki zilipo mpaka data nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuacha kuitumia diski hiyo papo hapo. La pili ni kuinakili yote, hata sehemu zinazoonekana tupu, kisha kufanya uokoaji kwenye nakala. Diski inayogonga kwa ndani ni suala jingine: kila inapowashwa huzidi kujiumiza, na hapo fundi mwenye vifaa ndiye wa kuiendea. Zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka nazo zina hatari yake, kwani nyingi husafisha zenyewe nafasi ya faili lililofutwa, na baada ya hapo hakuna programu itakayolirudisha.

Programu kama PhotoRec haiitegemei orodha iliyoharibika. Hupekua diski ikitafuta alama za mwanzo wa faili, kwa kuwa picha za aina moja huanza kwa alama zilezile. Kazi hiyo huifanya vizuri, lakini kila picha huipa jina jipya, herufi f ikifuatwa na tarakimu, na zote humwagwa katika folda zenye namba tu. Mtafiti aliyekuwa na folda za vitongoji, wazee na sherehe sasa ana rundo.

Ndani ya picha hubaki tarehe na saa ya kamera. Huo ni ushahidi wa thamani, ingawa katika Afrika Mashariki unahitaji tahadhari ambayo miongozo ya kigeni haiitaji. Msaidizi aliyewaza saa mbili asubuhi akaandika 2:00 badala ya 8:00 huzifanya picha zote zikosee kwa saa sita. Kosa la namna hiyo husahihishika kwa mkupuo mmoja. Tatizo gumu ni kamera iliyoishiwa betri, tarehe yake ikarudi ile ya kiwandani.

Hapo wenyeji ni hodari kuliko mashine. Wakurya huhesabu marika kwa jando, na vijana waliotahiriwa pamoja huwa esaro moja yenye jina lake. Mzee akiwatambua vijana waliomo pichani na kuitaja esaro yao, msimu hupatikana bila kamera. Lakini kila ukoo una mpangilio wake, hivyo jina la esaro lisiloandamana na ukoo ni nusu ya jibu. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya watu. Mwita, Chacha na Marwa ni majina yaliyoenea kiasi kwamba folda iitwayo “Mwita” haimtambulishi mtu yeyote.

Maelezo ya picha ni matini ya Kiswahili, na yastahili uangalifu ule ule upewao ingizo la kamusi. Ala kubwa ya Wakurya yenye nyuzi nane huitwa iritungu. Katika Kiswahili huandikwa litungu. Mtunza picha asiyeijua, akitafuta neno la Kiswahili sanifu, huandika “zeze”. Tangu siku hiyo ala hiyo ya kudonolewa kwa vidole huchanganywa na mazeze ya Wagogo, yanayopigwa kwa upinde, na atafutaye “litungu” huambiwa hakuna. Jina la kabila lenyewe huandikwa Kurya upande wa Tanzania na Kuria upande wa Kenya. Kompyuta haijui kuwa ni watu wamoja. Sharti tahajia zote mbili ziwekwe, pamoja na neno la Kikurya.

Kitabu hakina shida hiyo. Historia za wenyeji wa Mara ya Kusini alizozihariri Jan Bender Shetler na kuzichapisha mwaka 2003 hubeba majina ya waandishi wake kila ziendako. Picha hubeba jina pale tu mtu anapoliandika ndani ya faili, si kwenye folda pekee.

Kuhusu nakala, kanuni ya kawaida ni tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mbali. Watafiti wengi huamini kwamba taasisi ya Ulaya ndiyo “mbali” iliyo salama. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na kwa miezi mingi picha za mpango huo hazikupatikana mtandaoni. Mpango huo hutaka nakala ibaki pia nchini zilikotoka nyaraka, na sharti hilo, ambalo baadhi huliona la adabu tu, lilidhihirisha uzito wake.

Nakala ya Nyarero basi yafaa ikae Nyarero, isipokuwa picha za jando na za watoto, ambazo zahitaji ridhaa na kufuli, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pamoja na diski iwekwe orodha iliyochapwa kwenye karatasi: namba ya picha, mtu, ukoo, esaro, kitongoji, na neno la Kikurya. Picha elfu moja, mstari mmoja kwa kila picha, hazizidi kurasa thelathini.