Mwalimu Kwanza, Jukwaa Baadaye



Sisi tulio Chato tunawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema machache katika maadhimisho haya. Kwa miaka mingi safari yetu ya kuja Mwanza kusali ilitegemea kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 tunavuka kwa daraja, kilomita tatu juu ya maji ya ziwa. Sasa kukutana kumekuwa kwepesi. Ndiyo maana tunaleta pendekezo: jumuiya zetu za Kanda ya Ziwa ziwe na usiku mmoja kila mwaka wa muziki wa klasiki wa India.

Huenda mtu akauliza, usiku mmoja utafaa nini? Tuutazame mji wa Ahmedabad, katika Gujarat ya wazee wetu. Mwaka 1980 mpiga tabla Nandan Mehta na mkewe Manju Mehta, mpiga sitar aliyefunzwa na Ravi Shankar, walianzisha shule ya muziki iitwayo Saptak, maana yake sauti saba. Tamasha lake leo ni la siku 13: huanza tarehe 1 Januari na kumalizika tarehe 13, mkesha wa Uttarayan, sikukuu ya kurusha vishada. Nandan alifariki mwaka 2010, Manju mwaka 2024. Tamasha halikuzikwa nao.

Kwa maoni yetu, siri yake ni shule. Fedha humwalika msanii kwa usiku mmoja. Shule hulea masikio ya kumsikiliza na mikono ya kumrithi. Katika bhajan zetu siku hizi wazee huimba, na vijana huwasha simu ipige tabla. Hatuwalaumu, kwani hawajapata mwalimu. Lakini mwana akirithi duka bila wimbo, amepata nusu ya urithi.

Wala muziki huu si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, na tabla imeingia katika taarabu ikazoeleka. Basi milango iwe wazi: mtoto wa jirani yetu Msukuma au Mzinza akitaka kujifunza, akae mkeka mmoja na watoto wetu.

Ombi letu ni fupi: mwalimu kwanza, jukwaa baadaye. Sisi wafanyabiashara wa Chato tuko tayari kununua tabla za kuanzia darasa. Mwaka wa kwanza watoto wakiweza kupiga teental, mapigo yake 16, bila kupotea, hilo litatutosha kuwa tamasha. Haba na haba hujaza kibaba.