Gego la Miaka Sita Lizibwe Kabla Halijatoboka



Mtoto akaribiapo miaka 6, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino ling'okalo kulipisha, mzazi huweza kulidhania la utotoni, akalipuuza. Nalo likioza na kung'olewa, halioti jingine.

Mifereji yake ni myembamba, mswaki haufiki ndani. Daktari wa meno hulisafisha, hulikausha, kisha huipaka mifereji hiyo utomvu maalumu ugandao na kuiziba, bila sindano. Mswaki na dawa yenye floraidi viendelee, mara 2 kwa siku.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtoto afikapo miaka 6, na tena 12 yaotapo magego ya pili, apelekwe kukaguliwa.