Simu ya karani iko na majina yetu ndani

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tunayaandika hapa karibu vile yalivyosemwa, kwa wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.



Katika mkutano uliopita mulituuliza juu ya nini tunabadilisha simu za makarani, na kama ni feza ya chama iliyotumika. Tuanze na feza, maana njo yenye kelele mingi. Zile simu nne hatukuzinunua. Zilitumwa na ndugu zetu wenye kupata makao Marekani, wale tuliokuwa nao Nyarugusu. Kilichotoka katika kasha ya chama ni kebo moja, mega za kushusha mfumo mupya, na nauli ya kwenda Uvira, fasi intaneti haikatikekatike. Karatasi za matumizi ziko kwa mutunza feza, kila mutu anaweza kuziangalia.

Sasa neno lenyewe. Simu ya karani wa chama iko na nini ndani? Iko na majina yenu na namba zenu. Iko na picha za kadi za uchaguzi, juu ndiyo kitambulisho tulicho nacho. Iko na picha za karatasi za mashamba, tena iko na majina ya mashahidi. Munajua vile ilivyo: tulirudi na meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, tukakuta mutu mwingine analima pale baba zetu walipolima. Yule aliyesimama akasema shamba hili lilikuwa la fulani, jina lake limeandikwa. Likifika mukononi mwa mutu mubaya, kinachofuata si matusi tu.

Mwaka jana karani wetu mumoja alisimamishwa kwenye bariere. Simu ikachukuliwa, ikakaa mikononi mwa watu saa nzima, kisha ikarudishwa. Habari ilifika kijijini mbele ya karani mwenyewe. Tangu siku ile mashahidi wawili wamekataa jina lao liandikwe tena, na kesi mbili za mashamba zimesimama. Hatuwalaumu. Na sisi tungefanya vilevile.

Hiyo ni njia ya kwanza siri inapotokea, mukono wa mutu. Njia ya pili haina bunduki. Simu yenyewe inasema. Mwaka 2017 waandishi wa habari wa Marekani walionyesha kwamba simu za Android zilikuwa zinatuma kwa Google alama za minara iliyo karibu, hata mwenye simu akiwa amezima mahali alipo. Google ilikubali, ikasema itaacha. Mwaka 2021 mwalimu mumoja wa chuo kikuu cha Trinity, Dublin, Douglas Leith, alipima simu zinazolala tu mezani. Akaona ile ya Google na ile ya Apple zote zinapiga ripoti kwa mwenye kuzitengeneza, kwa wastani kila dakika 4 na nusu. Na mega za ripoti hizo ni sisi tunazilipa. Koltani inatoka katika udongo wetu, inarudi kwetu ikiwa simu, tena tunalipia ituchunguze!

Wengine walituuliza: si ungezima tu hizo ruhusa? Unaweza kuzima nyingi, na ni vizuri uzime. Lakini mfumo wa simu ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe amebaki na ufunguo wake. Unafunga mulango wako, yeye anapita wa nyuma. Bahati yetu ni kwamba sehemu kubwa ya Android iko wazi: kila mutu anaweza kuichukua, kuisoma, na kujenga juu yake bila vyombo vya Google. Watu wamefanya hivyo. Kuna LineageOS, iliyoanza mwisho wa mwaka 2016 na inayoingia katika simu nyingi za zamani. Kuna /e/OS ya Mufaransa Gaël Duval. Leith na wenzake walipoipima hiyo /e/OS mwaka uleule wa 2021, pamoja na simu za Samsung, Xiaomi na wengine, waliona haitumi karibu kitu. Na kuna GrapheneOS.

Sisi tulichagua GrapheneOS, na sababu ni bariere kuliko Google. Kwa simu nyingi, ukiweka LineageOS, kufuli ya kuwasha simu inabaki wazi. Mutu mwenye ujuzi akiishika anaweza kuichezea. GrapheneOS inakuruhusu kuifunga tena kufuli ile baada ya kuweka mfumo. Simu ikiwa imefungwa, tundu la kebo linachaji tu, halipitishi habari. Ikikaa saa 18 bila kufunguliwa, inajizima na kujiwasha yenyewe, na vitu vya ndani vinarudi kuwa vimefungwa kabisa. Tena unaweza kuigawanya kama nyumba yenye vyumba, kila chumba na namba yake ya siri. Karani anatembea na chumba cha kawaida, chenye WhatsApp na picha za watoto wake. Kazi ya chama iko katika chumba kingine, na anakifungua akifika ofisini.

Kuna pia namba ya hatari: ukiiandika, simu inafuta kila kitu. Juu ya hiyo tumekatazana. Mutu mwenye silaha akiona simu inajifuta mbele ya macho yake, hasira yake itamwangukia nani? Uhai wa karani unapita daftari. Kwa hiyo sheria yetu ni kwamba anayepita bariere asiwe amebeba majina. Mfumo ni wa kusaidia ile siku sheria imeshindikana.

Lazima tuseme na yale isiyoweza. Kampuni ya simu bado inajua uko karibu na munara gani, juu laini yako imeandikwa kwa jina lako. Ukituma picha ya daftari katika kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili, hakuna mfumo utakaoirudisha. Na programu za benki, zingine zinakataa kufunguka. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinakwenda sawa, maana ile menyu ya kupiga namba inapita katika mutandao wa kampuni ya simu, haiombi ruhusa kwa Google. Mama mumoja alituuliza hilo mara tatu, tunamjibu hapa mara ya nne: feza yako iko salama, mama.

Ndugu mulioko Marekani, mukitaka kutuma simu zingine: GrapheneOS inaingia katika Google Pixel, si katika simu yoyote. Pixel 6 na zilizofuata ni nzuri. Kuanzia Pixel 8 zinapewa masahihisho miaka 7. Lakini musitume ile iliyonunuliwa kwa mukataba wa kampuni ya simu. Nyingi zinakataa kufunguliwa kufuli. Mbele ya kulipa, ingieni katika mipangilio, muangalie kama ile ruhusa ya kufungua inakubali kuwashwa. Ikikataa, iacheni dukani.

Kwa sisi wengine wenye Tecno na itel, mfumo huu hautaingia. Hatutawadanganya. Ila mutu anaweza kuweka namba ya siri ndefu badala ya ule mustari wa kuchora, ambao hata mutoto anausoma kwenye vumbi la kioo. Anaweza kutumia Signal na kuweka ujumbe ujifute. Anaweza kufuta picha za karatasi za shamba akisha kuzileta ofisini.

Na ninyi wafadhili, neno letu kwenu ni la heshima lakini ni gumu. Munatuomba picha ya kila aliyepokea musaada, na jina, kijiji na sahihi, kupitia WhatsApp, siku ileile. Tunaelewa, munatoa hesabu kwa wenye feza. Lakini sheria ya nchi juu ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mutu, na mukimbizi aliyerudi ni mutu. Tunapendekeza tuwaletee namba badala ya majina, na daftari la majina likae hapa. Mukaguzi wenu atalisoma mezani petu, wakati wowote, hata bila kutuambia mbele.

Simu ya tano iko ofisini, bado haijabadilishwa. Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, tutaibadilisha mbele ya kila mwenye kutaka kuona. Yule anayeleta Pixel yake aondoe picha zake kwanza, juu kazi hii inafuta vyote. Kisha tutapiga kura kama daftari la mashahidi liendelee kuwa ndani ya simu, ao lirudi katika karatasi na sanduku la chuma. Ndani ya komite bado hatujapatana juu ya hilo.