Mezani Anapokosekana Mtu wa Nne



Kijana mmoja wa Lushoto ameniletea swali ambalo wapo watakaolicheka. Mimi silicheki. Anasema anao marafiki sita, amesoma nao tangu shule ya msingi. Kila akiwaalika waje kwake wacheze mchezo wa hadithi, wote wanaitikia: "Tutakuja, usiwe na wasiwasi." Siku ikifika anabaki yeye na birika lake la chai. Safari ya tatu sasa. Anauliza afanyeje.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana si bao, si karata wala si drafti. Watu wanne au watano wanakaa kuizunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anashika mtu wake ndani ya hadithi: huyu mwindaji, yule mganga, mwingine mchuuzi mwenye maneno mengi. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limechukuliwa na maji. Mnafanyaje?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mtu wake, na penye shaka inatupwa dadu. Mshindi hakuna. Hadithi ikikatika leo, inaendelea wiki ijayo.

Mchezo huu ulianzia Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza, kutoka mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. Mwaka huo huo, jimbo hilo hilo, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichapa kitabu cha Steven Feierman juu ya historia ya ufalme wa Wasambaa. Ni sadfa tupu, lakini itatufaa mbele ya safari.

Sasa, kwa nini marafiki hawaji? Mtu atasema vijana wa siku hizi wamemezwa na simu na kubeti. Hilo ni jibu la haraka, na mtu huyo huyo jioni utamkuta barazani anatazama bao. Hebu tulitazame hilo bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na linataka akili nyingi. Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alilipenda sana. Lakini bao linataka watu wawili tu. Ukichelewa, wenzako wameshaanza. Ukiondoka, yupo mtazamaji aliyekaa pembeni akitoa ushauri asioombwa. Ataingia mahali pako. Bao halimdai mtu ahadi. Mchezo wa hadithi unamdai. Akikosekana mganga, mwindaji aliyejeruhiwa pangoni atatibiwa na nani?

Uko mchezo mwingine ambao sisi Watanzania hatukosi. Tunauita "mchezo" vilevile, yaani upatu. Mama atatoka na mvua, na homa, apeleke fedha zake. Anajua zamu yake inakuja, na anajua asipofika atasemwa mtaa mzima. Basi kijana wetu amefikiria kuwatoza faini wanaokosa, kama wanavyofanya kwenye vikoba. Nakushauri uache kabisa. Faini inafanya kazi pale ambapo mtu ameweka fedha zake na anataka kuzitoa. Hapa hawajaweka kitu bado. Utamtoza nini mtu ambaye hajaonja?

Tuitazame na ile ahadi uliyowaomba. Umewaambia, kwa maneno yako mwenyewe, "kila Jumamosi usiku". Fikiri, ndugu yangu. Mmoja wao anapeleka mboga Kariakoo, hajui lori litarudi lini. Mwingine anaishi Magamba, na kuteremka kutoka Magamba usiku wa masika, ukungu umefunga na njia inateleza, si jambo dogo la kumwomba mtu. Wawili ni wasichana, na hakuna mzazi atakayefurahi binti yake arudi saa nne usiku akisema alikuwa anacheza hadithi. Hao wote walikuitikia kwa adabu. Kwetu ni vigumu kumwambia rafiki "hapana" usoni, hivyo tunasema "tutakuja".

Omba kidogo. Omba mchana mmoja, saa tatu, hadithi inayoanza na kwisha siku hiyo hiyo. Usiwaite wote sita kwa tangazo. Mwendee kila mmoja kwake, umwambie amepangiwa nani. Neno "tunakuhitaji" halina uzito kama "wewe ndiye mwenye mbwa". Watatu wakikubali, anza na watatu. Na anayekataa mara mbili usimbembeleze tena, mwache abaki rafiki.

Kitabu cha kanuni kifiche uvunguni. Dadu zenye pande 20 hazipatikani dukani kirahisi, lakini vipande 20 vya karatasi vyenye namba ndani ya kopo vinatosha. Chomoa kimoja, soma, rudisha. Na hadithi usiitafute Ulaya kwenye mazimwi na ngome. Unayo ya Mbegha. Kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, akanyimwa urithi na ndugu zake kule Nguu. Mwindaji wa nguruwe anayetembea na mbwa. Anakimbia Kilindi baada ya mtoto wa mkubwa kufa katika windo lao. Anapanda milima ya Usambara akigawa nyama kwa watu wasiomjua. Na usiku mmoja Vuga, simba anakuja. Wasambaa wameisimulia vizazi na vizazi, Abdallah bin Hemedi akaiandika katika Habari za Wakilindi, na Feierman akaichambua. Marafiki zako wanaijua nusu nusu kutoka kwa bibi zao. Waache waibadilishe. Labda mbwa watakataa kupanda mlima.

Kijana huyu ameandika pia kwamba tangu wamalize kidato cha nne wanakutana wote harusini na msibani tu, na kwamba wawili wameanza kuzungumzia kushuka Dar es Salaam. Ndiyo maana nasema silicheki swali lake. Asingoje wote sita wapate nafasi. Jumamosi ijayo, mchana, watatu na chai.

Na kama yule wa Magamba atafika kuchungulia tu, amesimama mlangoni, koti hajavua, anasema ana haraka, usimpe karatasi wala maelezo. Mwambie yeye ndiye simba. Muulize anaingilia upande gani wa boma.