Gari Likigonga, Lina Neno: Maneno ya Dereva Wetu Mbele ya Mkutano wa Ushirika

(Siku ya mkutano mvua ilinyesha, wanachama wengi hawakufika. Kwa hiyo Halmashauri imeagiza maneno ya ndugu dereva yaandikwe hapa ukutani kama alivyoyasema. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.)



Nimepewa nafasi nieleze habari za gari letu. Najua maneno yanasemwa, kilabuni yamo na kisimani yamo. Wengine wanasema gari limekufa, tuliuze kwa chuma chakavu. Wengine wanasema giaboksi imekwisha na dereva anataka fedha tena. Leo nitasema yote, na kosa lililo langu nitalikubali.

Gari letu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994. Si kijana. Lakini mzee akikohoa hachimbiwi kaburi siku hiyo hiyo. Kwanza anaulizwa: kikohozi kilianza lini? Ni usiku au mchana? Ni kikavu au kina makohozi? Gari nalo ni hivyo hivyo. Halina mdomo, lakini likigonga lina neno linalosema, na kazi yetu ni kuuliza vizuri.

Majuma matatu yaliyopita gari lilianza kugonga. Du! Halafu kimya. Halafu du! tena. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu mwaka jana nilipoomba fedha za springi, ilisemwa hapa hapa kwamba nimezila. Nikaapa moyoni kwamba safari hii siombi kitu. Nikafungulia redio ili nisisikie. Ndugu zangu, huo ulikuwa ujinga, maana nilikuwa nimebeba watu.

Aliyeniamsha ni bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na magunia yake ya mahindi. Tulipofika akaniita pembeni, akasema, "Mjukuu wangu, huku nyuma, upande wa kushoto, kuna mtu anagonga mlango. Ukianza kwenda anagonga mara moja. Ukishika breki anagonga tena. Tukiwa tunakwenda tu kwenye tambarare, ananyamaza." Basi bibi yule, ambaye hajashika spana maishani mwake, alikuwa amekwisha kulipima gari kuliko mimi dereva. Alikuwa ameniambia ni wapi na ni lini.

Sasa nataka wote tujue kuuliza kama bibi yule. Maswali ni matatu: linagonga wapi, linagonga lini, na linagonga kwa haraka kiasi gani.

Kwanza, tazama kama linagonga likiwa limesimama. Weka gia huru, vuta hendibreki, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Kama linagonga na mgongo unafuata mafuta, ukikanyaga unaongezeka na ukiachia unapungua, basi tafuta kwenye injini na vitu vyake. Mara nyingi ni raba za kushikilia injini zimechanika. Hizo utazisikia zaidi injini inapowashwa, inapozimwa, au klachi inapoachiwa. Wakati mwingine ni bomba la moshi linagonga chesisi, na hilo waya unatosha kulifunga mpaka ufike kwa fundi. Lakini kama mgongo ni mzito, unatoka chini kabisa ya injini, na taa ya oili inawaka, usiseme nitafika nyumbani. Zima hapo hapo. Hatua moja zaidi inaweza kuiua injini nzima.

Pili, kama likisimama ni kimya na likitembea linagonga, chukua chaki. Chora alama kwenye tairi. Dereva aende pole pole sana mahali pa tambarare, na mtu mwingine atembee kando, mbali kidogo na tairi, akihesabu. Tairi la gari kama letu likizunguka mara 1 linakwenda kama meta 2, kwa hiyo mtu wa miguu anaweza kulifuata. Tairi likizunguka mara 1 na mgongo ukawa 1, kosa liko kwenye tairi lenyewe, rimu, au ngoma ya breki. Lakini mgongo ukija mbio mbio, mara 4 hivi kwa mzunguko 1 wa tairi, hiyo ni propela shafti, maana yenyewe inazunguka kama mara 4 wakati tairi linazunguka mara 1. Msimtoze mtu fedha za giaboksi kabla hamjahesabu.

Tukiwa kwenye tairi, pitisheni mkono pande zote mbili, wa nje na wa ndani. Tairi lililovimba kama shavu la mtu anayeumwa jino linagonga kila mzunguko, na linaweza kupasuka wakati wowote. Uvimbe wa ndani hauonekani mpaka ulale chini. Mara nyingine si uvimbe, ni tope lililokauka ndani ya rimu. Hilo dawa yake ni maji na kijiti, gharama hakuna.

Na nati za tairi, jamani! Nati zilizolegea hugonga gari likienda pole pole, na mgongo hubadilika ukikata kona au ukishika breki. Nati hazikazwi kwa kuzunguka duara. Kaza moja, kisha ya upande wa pili yake, hivyo hivyo mpaka ziishe. Na tairi likibadilishwa, baada ya kilometa 50 hadi 100 simama ukaze tena. Gari likipoteza tairi mlimani halimwulizi mtu kama ana watoto.

Tatu, kuna mgongo wa kuanza safari. Ukiachia klachi, kop! Ukitoka mbele kwenda rivasi, kop! Hapo shuku krosi za propela shafti. Simamisha gari tambarare, zima injini, weka mawe kwenye matairi, vuta hendibreki, gia iwe huru, kisha shika shafti kwa mkono uizungushe huku na huku. Krosi nzima hainyumbui. Ukiona inacheza, au kuna unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, imekauka grisi na imekwisha. Gari refu kama letu lina shafti ya vipande 2, na katikati pana beringi iliyoshikwa na raba. Raba ile ikichanika, gari likiwa na mzigo hutetemeka na kugonga linapoondoka.

Nne, mgongo wa mashimo. Njia nzuri, kimya, shimo, du! Hapo tazama shokapu na bushi zake, bushi za springi, na kwa mbele boli jointi. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu uachie. Likiruka mara 1 likatulia, vema. Likiendelea kucheza kama mtumbwi, shokapu imechoka. Lakini msikimbilie dukani kabla ya kutazama tairi la akiba chini ya bodi na jeki nyuma ya kiti. Mwaka mmoja niliteseka siku 4 natafuta ugonjwa, kumbe ni jeki inacheza dansi nyuma yangu.

Neno moja la usalama. Mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka magogo imara chini ya chesisi na mawe kwenye matairi yaliyobaki chini. Wala usijaribu gari kwa kulizima kwenye mteremko ili usikie vizuri. Injini ikizimwa breki huwa nzito, na ukitahamaki uko korongoni.

Sasa turudi kwa bibi. Alisema: nyuma, kushoto, wakati wa kuondoka na wakati wa breki. Basi tukaliinua gari, tukaweka magogo, nikaingia chini na fundi wetu wa baiskeli akishika tochi. Kulia kila kitu kilikuwa na vumbi sawasawa. Kushoto, pale springi inapokaa juu ya ekseli, niliona chuma kinang'aa. Ndugu zangu, kushoto na kulia mwa gari ni mapacha. Ukiona mmoja hafanani na mwenzake, hapo ndipo pa kuuliza. Chuma kinang'aa pale tu kinaposuguliwa.

Nilishika nati za yu-bolti, zikazunguka kwa vidole. Kwa vidole, wazee wangu! Tulipofungua tukakuta hiki.

(Hapa ndugu dereva aliwaonyesha wanachama bolti iliyokatika vipande viwili. Ipo ofisini, anayetaka aje aione.)

Hii ndiyo senta bolti. Inapita katikati ya vyuma vyote vya springi, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la ekseli ili ekseli isihame. Ikikatika, ekseli ya upande ule inakwenda mbele na kurudi nyuma. Ndiyo du! ya kuondoka, na du! ya breki. Ingehama zaidi, gari lingekwenda upande upande kama mbwa, mpira wa breki ungeweza kukatika, na mlima wetu mnaujua.

Kwa nini ilikatika? Springi zilipobadilishwa mwaka jana, yu-bolti zilikazwa gari likiwa tupu. Zinatakiwa kukazwa tena gari likiwa na mzigo, baada ya siku chache za kazi, kwa sababu vyuma vipya hujipanga. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na sikuifanya. Halafu tukaongeza letu sote. Gari hili ni la tani 1, yaani magunia 10 ya kilo 100, na humo humo mmo na watu. Wakati wa mavuno tumepakia 15. Nani atasema hakuona?

Kilichotakiwa kilikuwa senta bolti 1, yu-bolti 2 na nati zake. Giaboksi ni nzima. Gari si la kuuza chuma chakavu. Lakini kama bibi angenyamaza kama mimi nilivyonyamaza, leo mkutano huu ungekuwa wa msiba.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, daftari litundikwe stoo, na kila aliyepanda gari akisikia kitu aandike au amwambie Karani aandike: wapi, lini, haraka kiasi gani. Anayekaa nyuma husikia yasiyofika kwa dereva. La pili, kila kifaa kikibadilishwa, kile cha zamani kiletwe hapa mezani pamoja na risiti, kila mtu akione. Hapo hakuna atakayesema dereva amekula, na dereva hatakuwa na sababu ya kunyamaza. La tatu, magunia yawe 10, na abiria wakiwamo yapungue. Anayetaka la 11 angoje safari ya pili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliufunika kwa redio. Naomba radhi kwenu, na kwa bibi hasa.



(Wanachama walipiga makofi. Mambo yote matatu yalikubaliwa. Daftari limekwisha kutundikwa stoo, na penseli imefungwa kwa kamba. Tafadhali isichukuliwe. — Katibu)